Kosa la Zamani na Mafunzo ya Kazi: Mwanafunzi wa Ustawi wa Jamii Afanye Nini?

Hati ya kipindi. Mtangazaji mmoja na igizo fupi la sauti mbili. Maswali ya vikundi vya wasikilizaji yako mwishoni.

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE.)

MTANGAZAJI: Hamjambo ndugu wasikilizaji. Karibuni tena, ninyi mlio Kakuma na Kalobeyei, ninyi wa Nyarugusu, ninyi wa Nakivale na Kyangwali, na wote mnaotufuata mahali pengine. Leo tunazungumza na wewe unayesomea kazi ya ustawi wa jamii, au uliye na mtoto anayeisomea. Tunazungumza hasa na wewe uliyewahi kusimama mbele ya hakimu, hata mara moja, hata kwa kosa dogo, ukabaki na swali ambalo huliulizi mbele za watu: je, kosa lile litanifungia mlango?

Tuanze na mfano. Dada huyu hatumpi jina, kwa sababu tumemtunga ili tuelewane. Lakini wengi mtamtambua.

Anaishi Kakuma. Miaka sita iliyopita alipata habari kwamba dada yake amelazwa hospitali ya Kitale. Hakungoja kibali cha kusafiri. Alipanda basi usiku. Kwenye kizuizi cha barabarani askari waliomba karatasi, hakuwa nazo. Kesho yake alikuwa mahakamani. Waliokuwa naye selo walimwambia: "Kubali tu, utatozwa faini, utarudi nyumbani." Akakubali. Ndugu wakachanga, faini ikalipwa, akarudi kambini akijua mambo yamekwisha.

Sasa yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya ustawi wa jamii. Amepangiwa miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo katika kituo cha wanawake na watoto. Wengine mnayaita mafunzo hayo staji, wengine atachimenti. Amepewa fomu. Swali la nne linasema: "Umewahi kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa lolote?" Kalamu iko mkononi, na fomu inatakiwa Ijumaa.

(MUZIKI MFUPI)

KWA NINI WANAULIZA?

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kwanza tuelewe swali lenyewe linatoka wapi. Ukidhani limewekwa ili kukudhalilisha, utalijibu kwa hasira au kwa uongo.

Kazi ya ustawi wa jamii haisomwi kwa vitabu peke yake. Huwezi kuijua kazi ya kumsikiliza mama aliyepigwa, au mtoto aliyepotezana na wazazi, mpaka uketi naye huku mtu mwenye uzoefu akikuangalia na kukusahihisha. Ndiyo maana mafunzo ya vitendo ni sehemu ya masomo, na bila hayo humalizi. Lakini siku unapoingia pale, wewe si mwanafunzi tu. Yule mama anakuona kama mtu wa ofisi. Anakuambia siri zake. Mtoto anakufuata unakomwambia aende. Hayo ni mamlaka, hata kama hulipwi shilingi.

Mamlaka hayo yamewahi kutumiwa vibaya, tena kambini. Mwaka 2002, ripoti ya UNHCR na Save the Children kutoka Guinea, Liberia na Sierra Leone ilieleza jinsi watu waliopewa kazi ya kusaidia wakimbizi walivyowadai wasichana ngono ili wawape chakula na vifaa. Mwaka huo huo mashirika ya misaada yakakubaliana juu ya kanuni sita za kuwalinda wakimbizi. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa agizo kwamba ni marufuku mfanyakazi kubadilishana msaada na ngono, na ni marufuku kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18. Tangu hapo maswali juu ya historia ya mfanyakazi yakaongezeka, na mwanafunzi wa staji naye akaguswa.

Kwa hiyo swali la nne lipo kwa ajili ya mtoto wako na wangu. Lakini swali hilo hilo, likiulizwa bila akili, linamweka aliyemnajisi mtoto na aliyepanda basi bila kibali katika kapu moja. Hapo ndipo panapoumiza, na ndipo panapohitaji maelezo.

KUKAMATWA SI KUTIWA HATIANI

MTANGAZAJI: Soma swali polepole. Wengi wanajidhuru kwa kujibu wasichoulizwa.

Kama ulikamatwa ukaachiliwa kituoni, hukutiwa hatiani. Kama kesi iliondolewa, hukutiwa hatiani. Kama hakimu alisikiliza akakuachilia huru, hukutiwa hatiani. Mtu hutiwa hatiani pale mahakama inapomkuta na kosa, ama baada ya ushahidi, ama baada ya yeye mwenyewe kukubali. Dada yetu wa mfano alikubali mbele ya hakimu. Jibu lake, basi, ni ndiyo.

Je, kama ulikuwa mtoto? Nchini Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza hata maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" yasitumiwe kwa mtoto, na sheria mpya ya mwaka 2022 imeweka njia za kumwondoa mtoto katika mkondo wa mahakama za watu wazima. Kama jambo lako lilitokea ukiwa na miaka 15, usijibu fomu kabla ya kuzungumza na mtu wa msaada wa sheria.

Je, kama hukumbuki mahakama iliamua nini? Hili ni la kawaida. Mtu alisimama kizimbani, mambo yakasemwa kwa lugha asiyoijua, akalipa, akatoka. Nenda katika ofisi ya kumbukumbu ya mahakama iliyokusikiliza, iwe ya Kakuma, ya Lodwar au ya Kitale, uombe nakala ya uamuzi. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, na namba ya kesi kama unayo. Hata risiti ya faini ina msaada, kwa kuwa mara nyingi namba ya kesi imeandikwa juu yake. Na kama mahakama hiyo iko nje ya kambi, omba kibali kabla ya kusafiri. Usirudie safari iliyokuletea kesi.

Karatasi hiyo ni muhimu kuliko kumbukumbu yako. Inaonyesha kosa lilikuwa lipi hasa. "Nilifungwa" ni neno linaloogopesha, bali "nilitozwa faini kwa kusafiri bila kibali" ni neno linaloeleweka.

CHETI CHA TABIA NJEMA

MTANGAZAJI: Mbali na fomu, shirika linaweza kukuomba cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kenya, cheti hiki hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Maombi hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, ada hulipwa, kisha alama za vidole huchukuliwa na kulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Kama uko kambini, anza mapema. Kati ya mtandao unaokatika na safari ya kwenda kupigwa alama za vidole, wiki zinapita. Na kabla hujalipa, waulize chuo chako na ofisi ya serikali ya wakimbizi jinsi wenzako walivyofanya kwa kutumia kitambulisho cha mkimbizi.

Sasa sikiliza neno hili kwa makini. Shirika likikuomba cheti cha polisi wa nchi uliyoikimbia, usiende ubalozini. Usimtume ndugu aliyebaki nyumbani aende kituo cha polisi kuuliza jina lako. Unaweza kumtia yeye hatarini. Tena Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema kwamba mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Mkataba huo huo, kifungu cha 25, unasema nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata karatasi ambazo kwa kawaida angezipata kwa serikali yake. Mwambie msimamizi wa masomo: "Mimi ni mkimbizi, siwezi kuomba karatasi hiyo kule. Naomba tutafute njia nyingine." Njia nyingine zipo: barua ya wadhamini wanaokufahamu tangu ufike, barua ya mwalimu, au kiapo mbele ya mwanasheria.

Na kama huko nyumbani ulihukumiwa kwa sababu ya siasa, kabila au imani yako, huenda hukumu hiyo ndiyo iliyokufanya ukimbie. Eleza hivyo kwa mtu wa msaada wa sheria kabla ya kuieleza kwenye fomu.

KUSEMA AU KUNYAMAZA?

MTANGAZAJI: Turudi kwa dada yetu. Usiku anawaza: "Nikiandika hapana, nani atajua? Basi lilikuwa la usiku."

Ndugu msikilizaji, kuna sababu mbili za kutosema uongo. Ya kwanza, alama za vidole hazisahau. Ya pili ni nzito zaidi. Kosa la zamani linaweza kuelezwa, lakini uongo wa leo unakuwa kosa jipya, tena katika kazi ambayo mtaji wake ni kuaminiwa. Mficha uchi hazai.

Kwa makosa fulani, kunyamaza kwenyewe ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya mwaka 2006 inasema hivi: mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la kijinsia, akaomba kazi ya kuwasimamia au kuwatunza watoto au watu wengine wanyonge bila kusema, anaweza kushtakiwa na kufungwa.

Lakini kusema kweli si kujitangaza. Usisimulie darasani. Usimweleze mwenzako wa chumba. Kambini habari hazina mlango, na jambo la basi linaweza kufika bloku ya tatu likiwa jambo la wizi. Mwambie mratibu wa mafunzo chuoni, na kupitia kwake msimamizi wako pale utakapofanyia staji. Basi. Sikilizeni jinsi inavyoweza kusemwa.

(SAUTI YA MLANGO. KITI KINASOGEZWA.)

MWANAFUNZI: Mama, shikamoo. Naomba dakika kumi, na naomba tuzungumze tukiwa wawili.

MRATIBU: Marahaba, binti yangu. Funga mlango. Kuna nini?

MWANAFUNZI: Ni hii fomu ya kituo cha wanawake. Swali la nne. Miaka sita iliyopita nilitiwa hatiani kwa kutoka kambini bila kibali. Nilikuwa naenda kumwona dada yangu hospitali. Nilikubali kosa, nikalipa faini. Nakala ya mahakama ni hii.

MRATIBU: Na baada ya hapo?

MWANAFUNZI: Hakuna kingine. Kila nikisafiri sasa naomba kibali, nakala ninazo. Naomba ushauri niandike nini, na naomba mama utusemee kule kituoni kabla fomu haijafika.

MRATIBU: Umefanya vizuri kuniambia leo, siyo siku ya kuripoti. Andika ndiyo, na chini yake uandike sentensi mbili kama ulivyoniambia. Mimi nitampigia msimamizi. Wenzako hawatajua kwangu.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Mmesikia? Hakulia, hakujitetea sana. Alisema mambo manne: kosa lilikuwa nini, lini, mahakama iliamua nini, na amefanya nini tangu hapo. Akaleta karatasi. Wewe pia andika hayo manne kwenye daftari kabla ya kwenda, ili hofu isikuvurugie maneno.

CHUO NA SHIRIKA WAFANYE NINI?

MTANGAZAJI: Sasa tunawageukia ninyi walimu, waratibu na wasimamizi, kwa sababu mzigo huu si wa mwanafunzi peke yake.

Jambo la kwanza ni kusema mapema. Ni dhuluma kumpokea mtu, kumfundisha miaka miwili, kuchukua ada iliyotoka kwenye biashara ya mama ya kuuza mandazi, kisha katika muhula wa mwisho kumwambia hawezi kupokelewa popote. Siku ya kujiandikisha, kila mwanafunzi aelezwe: mafunzo ya vitendo yapo, huenda ukaulizwa habari za makosa, na mtu wa kuzungumza naye kwa siri ni fulani.

La pili ni kupima, siyo kukata shauri kwa neno moja. Maswali ya kupimia ni haya. Kosa lilikuwa la aina gani? Lilitokea lini, na mtu alikuwa na umri gani? Lilitokea mara moja au limerudiwa? Lina uhusiano gani na kazi atakayofanya? Mtu amefanya nini tangu hapo? Kosa la kusafiri bila kibali halimweki mtoto yeyote hatarini. Wizi wa miaka kumi iliyopita ni jambo la kufikiria kama staji ina kushika fedha, na si jambo kubwa kama kazi ni kuwasindikiza wazee kliniki. Mtu aliyempiga mwenzake jana hawezi kesho kuketi na wanawake waliopigwa.

Na tuseme wazi: iko milango ambayo inapaswa kubaki imefungwa. Aliyetiwa hatiani kwa kumdhulumu mtoto kingono hatapelekwa kwa watoto, hata akilia, hata ikiwa miaka imepita. Huo si ukatili kwake. Watoto hawana nafasi ya kumchunguza, sisi ndio tunayo. Mtu huyo ashauriwe kwa heshima atafute fani nyingine, na aambiwe hivyo kabla hajalipa ada.

La tatu ni kupanga staji inayofaa. Kama kuna wasiwasi kidogo, kati ya kumkubali na kumkataa kuna njia ya katikati. Mwanafunzi anaweza kuanza kwenye dawati la habari wakati wa mgao, au kwa kikundi cha watu wenye ulemavu, akiwa na mfanyakazi mzoefu kila saa. Wiki mbili za kwanza asimtembelee mtu nyumbani peke yake. Baada ya hapo wakae chini, waangalie kazi yake, wamwongezee majukumu. Mpango huo uandikwe, usainiwe na pande tatu: mwanafunzi, chuo na shirika.

La nne ni kutunza siri. Fomu hiyo haikai mezani, na haijadiliwi wakati wa chai. Anayepaswa kujua ni yule tu anayemsimamia.

Na la tano: msimgeuze kuwa maonyesho. Ni kweli, mtu aliyelala selo anajua jinsi ya kuketi na kijana aliyetoka selo leo. Ujuzi huo ni mali. Lakini yeye ndiye wa kuamua kama atausema. Nawe mwanafunzi, kumbuka: mteja amekuja na shida yake, hakuja kusikiliza yako.

UKIKATALIWA

MTANGAZAJI: Inaweza kutokea. Usiondoke kwa hasira. Omba sababu kwa maandishi. Uliza: ni sheria, ni kanuni ya shirika, au ni uamuzi wa mtu? Mwombe mratibu akutafutie mahali pengine, au chuo kikusogezee muda badala ya kukuandikia umeshindwa. Na kama unaona mahakama ilikosea, tafuta msaada wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa watu wanaoweza kusaidiwa. Wanasheria wa mashirika nao huja kambini, uliza ofisi ya ulinzi siku zao.

KWA WEWE UNAYEWEZA KUKAMATWA KESHO

MTANGAZAJI: Neno la mwisho ni la kuzuia. Rekodi nyingi za wakimbizi zilianza na sentensi ile ile ya selo: "Kubali tu, utarudi nyumbani."

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya mahakama. Kama Kiswahili cha hakimu kinakupita, sema: "Mheshimiwa, sielewi, naomba mkalimani." Omba muda wa kuonana na mwanasheria. Eleza sababu ya safari yako. Kama ndiyo umeingia nchini kuomba hifadhi, sema hivyo mara moja, kwa kuwa Mkataba wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, mradi ajitokeze bila kuchelewa na atoe sababu nzuri.

Jua pia kwamba ukishakubali kosa, huwezi tena kukata rufaa juu ya kutiwa hatiani, ila juu ya adhabu tu. Na muda wa rufaa kutoka mahakama ya hakimu ni siku 14. Neno moja la haraka kizimbani linaweza kukufuata mpaka kwenye fomu ya staji. Pia adhabu si jela au faini tu. Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu mwaka 1998, na afisa wa probesheni anaweza kuandika ripoti inayomweleza hakimu wewe ni nani.

Wasikilizaji wa nchi jirani, sheria hazifanani. Tanzania, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo inataka kibali cha kutoka kambini. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi uhuru wa kutembea. Ulizeni mahali mlipo.

Na yule dada wa mfano? Akiandika ndiyo, akaweka karatasi yake na sentensi zake mbili, msimamizi mwenye busara atamwita, atamuuliza maswali matatu, kisha atamwonyesha kiti chake. Kuteleza si kuanguka.

MASWALI YA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika bloku yenu, mtu aliyewahi kufungwa anaitwa nani? Jina hilo linamsaidia au linamzuia?

2. Ni makosa gani ambayo ninyi, kama wazazi, msingekubali kabisa kwa mtu anayewahudumia watoto wenu? Ni yapi mngeweza kuyasamehe, na kwa masharti gani?

3. Nani hapa kambini anaweza kumsaidia mwanafunzi kupata nakala ya uamuzi wa mahakama?

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAPANDA.)

MTANGAZAJI: Tuleteeni majibu yenu kupitia kiongozi wa kikundi, bila kuandika majina. Tukutane tena wiki ijayo. Mbaki salama.